Maziwa ya jana, bei ya leo: wakati ndani ya data inayotiririka

Swali, kutoka Moshi: "Shikamoo mwalimu. Natengeneza programu ya chama cha wafugaji. Tuna vituo 14 vya kukusanyia maziwa, kuanzia Uru na Kibosho mpaka Machame, na wafugaji kama 900. Karani anapima asubuhi na jioni, anaingiza lita kwenye simu, simu inatuma kwenye seva. Vituo vya juu mtandao unakata, wakati mwingine siku mbili nzima. Aprili 1 bei ilishuka kutoka shilingi 1,100 hadi 950 kwa lita. Maziwa yaliyopimwa Machi 31 jioni yakafika kwenye seva Aprili 2, na mfumo ukayalipa kwa 950. Wafugaji wamekuja juu. Nimesoma habari za Kafka na Flink, zana za kushughulikia data inayoingia mfululizo, na za hifadhidata za wakati, sasa nimechanganyikiwa zaidi. Nianzie wapi?"

Marahaba, na pole kwa kelele za wiki hii. Nikutoe hofu kwanza: mfumo wako haujaharibika. Umefanya ulichouagiza. Ulipoandika hesabu ya malipo uliuambia uchukue lita zilizofika na uzizidishe kwa bei iliyopo. Iliyopo lini? Hapo hukusema, na kompyuta usipoiambia hudhani unamaanisha sasa hivi. Mfugaji aliyeleta lita 6.5 jioni ya Machi 31 alistahili shilingi 7,150, akaandikiwa 6,175. Shilingi 975 ofisini haionekani, lakini mama aliyekata majani mchana kutwa na kupanda mlima na ndoo anaiona, na ana haki ya kuidai.

Kabla ya kugusa programu, nenda kituoni uombe daftari la karatasi la karani. Utaona alishalijua somo hili kabla yako na kabla yangu. Maziwa ya Machi 31 yako kwenye ukurasa wa Machi 31, hata kama daftari lenyewe lilipelekwa ofisini Aprili 2 na kugongwa muhuri wa Aprili 2. Na pale alipokosea, akaandika lita 8 badala ya 6, hakufuta. Alipiga mstari mmoja unaoacha tarakimu ya zamani isomeke, akaandika ile sahihi pembeni, akasaini na kuweka tarehe. Ukurasa mmoja huo unakuambia maziwa yalipimwa lini, ofisi ilipata habari lini, ilidhani ni lita ngapi, na ilijirekebisha lini. Hifadhidata ya wakati ni ile inayofanya hivyo kwa kila mstari, bila kukumbushwa.

Wataalamu wa hifadhidata walizipa nyakati hizi majina zamani. Mwaka 1985 Richard Snodgrass na Ilsoo Ahn walizitenganisha wazi: kuna wakati wa uhalali, yaani kipindi ambacho jambo ni kweli huko nje, na kuna wakati wa kuandikwa, yaani kipindi ambacho mfumo wenyewe uliamini hivyo. Jedwali linalobeba zote huitwa jedwali la nyakati mbili. Miaka 30 baadaye watu wa data inayotiririka wakafika palepale kwa njia nyingine. Mwaka 2015 wahandisi wa Google, Tyler Akidau akiwa mmoja wao, walichapisha makala iliyosisitiza tofauti ya wakati wa tukio na wakati wa kuchakata. Ukiweka majina pembeni, jozi ni ileile. Nadhani hapo ndipo ulipochanganyikiwa: umesoma vitabu vya koo mbili zinazozungumzia mto mmoja, kila ukoo na jina lake.

Sasa tuingie kwenye bei, maana ndiyo iliyokuponza. Bila shaka una jedwali lenye mstari mmoja kwa kila kituo, na bei inapobadilika unaandika mpya juu ya ya zamani. Siku ile 950 ilipoandikwa, 1,100 ilitoweka. Hata kama ungetaka kuwatendea haki wa Machi 31, mfumo haukuwa na pa kuuliza. Kwa hiyo bei isibadilishwe, iongezwe. Kila mstari uwe na nyakati nne: inaanza na inaisha kwa upande wa uhalali, tulijua na tuliacha kwa upande wa kuandikwa. Mstari ambao bado una nguvu, mwisho wake uandike infinity, neno ambalo hifadhidata ya PostgreSQL inalielewa kama tarehe isiyofika.

Tuseme bei mpya ilitangazwa Machi 28. Siku hiyo mfumo unaandika kwamba 1,100 inaishia Aprili 1, na 950 inaanzia Aprili 1. Wafugaji wanalipwa Aprili 16. Kisha Aprili 18 bodi inakaa, inaona imewaumiza watu, inaamua bei iwe 1,000 kuanzia Aprili 1 ileile. Mstari wa 950 haufutwi. Unafungwa upande wa kujua, tuliacha inakuwa Aprili 18, na pembeni unaingia mstari mpya wa 1,000 wenye inaanza ya Aprili 1 na tulijua ya Aprili 18. Ndiyo kalamu ya karani, mstari mmoja na saini.

Ulizo lake, yaani swali unaloiuliza hifadhidata kwa lugha ya SQL, ni hili:

SELECT bei FROM bei_za_maziwa
WHERE kituo = :kituo
AND inaanza <= :siku_ya_maziwa AND inaisha > :siku_ya_maziwa
AND tulijua <= :siku_ya_kujua AND tuliacha > :siku_ya_kujua

Weka maziwa ya Aprili 3 na kujua kwa Aprili 16, utapata 950: hicho ndicho tulicholipa, na hiyo ndiyo sababu. Weka maziwa yaleyale ya Aprili 3 na kujua kwa leo, utapata 1,000: hicho ndicho tunachodaiwa. Mfugaji aliyepeleka lita 98 katika nusu ya kwanza ya Aprili alipokea shilingi 93,100, na sasa anadai 4,900 za nyongeza. Mkaguzi wa COASCO, shirika linalokagua vyama vya ushirika, akija miezi sita baadaye akauliza kwa nini karatasi ya Aprili 16 inasema 950 wakati mfumo unasema 1,000, humwonyeshi barua wala humwelezi kwa maneno. Unamwonyesha ulizo lenye tarehe mbili.

Angalia zile alama za kulinganisha. Mwanzo umo, mwisho haumo. Kipindi cha 1,100 kinafika Aprili 1 bila kuigusa, cha 950 kinaanza Aprili 1 yenyewe. Ukiandika kwamba bei ya zamani inaishia "Machi 31 saa 23:59", ipo siku kipimo kitadondokea kwenye ile dakika ya mwisho na hakitapata bei kabisa. Nimeshatafuta kosa la aina hiyo usiku kucha, na sitaki ulitafute.

Kuna mtego hapa ambao ulininasa mimi mwenyewe. Hifadhidata kadhaa leo zinakuja na majedwali ya wakati yaliyokwisha kutengenezwa. Kiwango cha SQL cha mwaka 2011 ndicho kilichoyaingiza rasmi. SQL Server inayo tangu toleo la 2016, MariaDB tangu 10.3 ya mwaka 2018. Unawasha, na kila ukibadilisha mstari, wa zamani unahamishiwa kwenye historia pamoja na saa ya mabadiliko. Ni kazi nzuri sana. Lakini saa hiyo ni ya kuandikwa peke yake. Inajua bei iliingizwa lini, haijui bei inaanza kutumika lini.

Miaka ya nyuma niliifanyia kazi kampuni moja ya utalii hapa Arusha. Magari yalikuwa yanakaa Serengeti siku tano, sita, madereva wakiandika matumizi kwenye tableti bila mtandao, mengine kwa dola, mengine kwa shilingi. Gari likirudi mjini, risiti zote zinamwagika kwa mpigo. Nilijua kwamba zisibadilishwe kwa kiwango cha siku ya kurudi, kwa hiyo nilihifadhi saa ya kila risiti, na viwango vya dola nikaviweka kwenye jedwali lenye historia ya kuandikwa. Nikaamini nimemaliza. Nisilolijua ni kwamba mhasibu alikuwa anaingiza viwango vya wiki nzima Ijumaa mchana. Risiti ya Jumanne ilipouliza kiwango cha Jumanne, jedwali likajibu kwa uaminifu kabisa kwamba Jumanne lilikuwa bado linaamini kiwango cha wiki iliyopita. Madereva walipunjwa miezi miwili kabla mmoja wao hajaleta karatasi zake mezani. Nilikaa na mhasibu siku tatu tukipitia risiti moja moja, na baada ya hapo sijawahi tena kuchanganya swali la "ilikuwa kweli lini" na la "tulijua lini". Kwa hiyo hata ukiwasha historia ya hifadhidata, safu za inaanza na inaisha ziwe zako mwenyewe, na ajazaye awe binadamu anayejua tangazo lilisema nini.

Kwa PostgreSQL, ambayo ningekushauri, historia ya kuandikwa haiji yenyewe. Unaitengeneza kwa triga, yaani agizo linalojiendesha lenyewe mstari unapobadilishwa, au kwa utaratibu wa programu. Lakini ina kitu kingine cha thamani: aina za vipindi tangu toleo la 9.2 la mwaka 2012, na kabla yake kidogo, vikwazo vya kukataa mgongano. Unaiambia hivi: kituo kikiwa kilekile, kipindi cha uhalali kikigongana na kingine, na kipindi cha kuaminiwa nacho kikigongana, kataa. Hapo hakuna karani wala mhandisi atakayeweza kuweka bei mbili za kweli kwa siku moja. Toleo la 18 la mwaka 2025 limeongeza njia fupi, WITHOUT OVERLAPS, ila hiyo inalinda mhimili mmoja wa wakati. Kwa nyakati mbili bado utatumia kikwazo cha kukataa.

Sasa Kafka na Flink. Nitakuambia wazi: kwa kazi hii huzihitaji. Wafugaji 900 mara mbili kwa siku ni vipimo 1,800. Kwa mwezi 54,000, kwa mwaka kama 657,000. PostgreSQL kwenye seva ya kawaida haitashtuka. Mtiririko wako si mkubwa, ni wa kuchelewa na wa kukatika, na hilo ni tatizo tofauti kabisa. Zana zilizoundwa kwa ajili ya mamilioni ya matukio kwa sekunde zitakuletea mashine za kutunza na usiku wa kukesha, na swali la bei zitakuachia vilevile ulilonalo.

Hata hivyo umeniuliza, na huenda kesho chama kikaungana na vingine, au ukapata kazi penye data nyingi. Basi uzijue kwa undani unaofaa.

Kafka ilizaliwa LinkedIn na kutolewa kwa umma mwaka 2011. Ni daftari linaloandikwa kwa kuongeza mwishoni tu, na kwa hilo inafanana na jedwali lako jipya. Lakini daftari hilo, usipolibadilisha mipangilio, hutunza kurasa kwa siku saba kisha hutupa. Ipo pia namna ya kulibana: kwa kila ufunguo inabaki taarifa ya mwisho, za nyuma zinafagiliwa. Ukituma bei kwenye mkondo uliobanwa, na ufunguo ni jina la kituo, umerudi kulekule kwa kuandika juu ya ya zamani. Bei ya Machi itafagiliwa siku usiyoijua, kimyakimya. Ufunguo uwe kituo pamoja na tarehe ya kuanza na ya kujua, au mkondo wa bei usibanwe wala usiwekewe ukomo. Bei ni data ndogo mno kuifanyia ubahili wa diski.

Flink ndiyo inayounganisha mkondo na mkondo. Ina sentensi moja iliyonipendeza nilipoiona mara ya kwanza:

SELECT m.mfugaji, m.lita * b.bei AS malipo
FROM mapokezi AS m
JOIN bei_za_maziwa FOR SYSTEM_TIME AS OF m.wakati_wa_kupima AS b
ON m.kituo = b.kituo

Isome pole pole: chukua kila kipimo, kiunganishe na bei kama ilivyokuwa wakati kipimo kile kilipochukuliwa. Ndicho hasa unachotaka. Maneno FOR SYSTEM_TIME yameazimwa kutoka kiwango cha 2011, ambako yalimaanisha wakati wa kuandikwa. Ndani ya Flink yanafuata safu ya wakati uliyoichagua wewe kwenye jedwali la bei, ambayo kwa kawaida ni ya tukio. Jina lilelile, mhimili mwingine. Usome nyaraka ukiwa macho.

Ila Flink haiwezi kusubiri milele. Inahitaji kujua ni lini iseme kwamba yote ya mpaka saa fulani yameshafika. Hutumia alama inayosonga mbele kadiri matukio yanavyoingia, mfano wa ule mstari wa tope unaobaki ukutani ukionyesha maji yalifika wapi. Unaiambia alama ibaki nyuma kidogo ya tukio jipya kuliko yote, labda dakika kumi, na chochote chenye saa ya nyuma ya alama kinahesabika kimechelewa. Fikiria sasa vituo vyako. Kile cha chini kabisa, karibu na mjini, kinatuma kila dakika na kusukuma alama mbele. Kile cha juu Kibosho kimekaa siku mbili bila mtandao. Kinaporudi, alama imeshapita mbali, na matoleo ya bei ya zamani yameshasafishwa kwenye kumbukumbu ya Flink kwa sababu ilidhani hayahitajiki tena. Ili kuwalinda watu wa Kibosho ungelazimika kuirudisha alama nyuma siku mbili na zaidi, na hapo malipo ya kila mtu, hata wa pale mjini, yanasubiri siku mbili ndipo yatoke.

Upande wa bei una mtego wake. Bei hubadilika mara chache, pengine mara tatu kwa mwaka, na mkondo usio na matukio hausukumi alama. Flink husubiri alama za mikondo yote miwili, kwa hiyo inakaa kimya. Maziwa yanaingia na hakuna kinachotoka, na huoni kosa lolote kwenye kumbukumbu. Mhandisi mgeni anaweza kupoteza wiki hapo. Unaweza kuitangaza chemchemi ya bei kuwa imelala baada ya muda fulani, ili isizuie wengine, lakini mimi napendelea kuituma bei ileile upya kila baada ya muda mfupi ikiwa na saa mpya, kama mapigo ya moyo. Hapo alama inasonga kwa sababu bei kweli imethibitishwa, haisongi kwa kudhaniwa.

Na lile la bodi kubadili mawazo Aprili 18? Flink ikishatoa jibu la kipimo cha Aprili 3, bei ikija kusahihishwa baadaye hairudi nyuma kulibadilisha. Ndivyo muunganisho huu ulivyoundwa. Ndiyo maana mimi hugawa kazi hivi: mkondo unaonyesha hali ya leo, kwa mfano lita ngapi zimeingia asubuhi hii na kituo gani kiko kimya, na hifadhidata ya nyakati mbili ndiyo inayolipa watu. Ubao wa ofisini ukikosea kidogo kwa saa mbili haumdhulumu mtu.

Nirudi kwenye saa yenyewe, maana hesabu yote hii inasimama juu ya saa ya simu ya karani. Hapa kuna mambo ambayo hutayakuta kwenye vitabu vya ng'ambo. Simu ikizima chaji, karani anaandika kwenye daftari, kisha jioni anaingiza kwa mkono. Anaandika 12:30. Kwake hiyo ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na yuko sahihi kabisa kwa lugha yake. Mfumo wako unasoma mchana. Maziwa ya asubuhi yamehamia saa sita mbele. Usimlazimishe afikiri kwa saa za kompyuta. Mpe vitufe viwili, asubuhi na jioni, kisha achague saa kama anavyoitamka, na programu ndiyo ifanye hesabu ya saa sita. Hifadhi kwa saa ya kimataifa, mwonyeshe kwa saa yake. Tanzania iko saa tatu mbele ya hiyo ya kimataifa mwaka mzima na hatusogezi saa, kwa hiyo hapo angalau umepumzika.

Siku nayo. Kituo kinachopima mpaka saa moja usiku, kipimo cha mwisho cha Machi 31 karani mwingine ataona ni "usiku wa kuamkia tarehe moja" na ataandika tarehe moja. Kwa mapokeo yetu hajakosea, usiku ni wa siku inayofuata. Lakini tofauti ya 1,100 na 950 imelala hapohapo. Iombe bodi itangaze bei kwa saa na siyo kwa tarehe tu: "kuanzia maziwa ya asubuhi ya Aprili 1". Sentensi hiyo ndogo kwenye tangazo itakuokoa kuliko msimbo wowote nitakaokuandikia.

Kila kipimo kibebe pia saa ambayo seva ilikipokea, iandikwe na seva yenyewe, karani asiweze kuigusa. Na simu inapotuma, itume pamoja na saa yake ya wakati huo wa kutuma. Ikitofautiana na ya seva kwa dakika arobaini, unajua simu ile inapotea dakika arobaini, na unaweza kurekebisha vipimo vyake kwa kuongeza mstari wa masahihisho. Kitambulisho cha kipimo kizaliwe kwenye simu, siyo kwenye seva. Mtandao wa milimani hukata katikati, simu haijui kama ujumbe umefika, hutuma tena. Kitambulisho kikiwa kimoja, seva inaupokea wa kwanza na kuupuuza wa pili. Kikizaliwa kwenye seva, utalipa maziwa mara mbili na hutaona tofauti.

Usubiri kwa muda gani? Usikisie. Chukua vipimo vya miezi mitatu, toa saa ya kupimwa kwenye saa ya kupokelewa, uzipange kwa kituo. Utaona kila kituo kina tabia yake. Kisha weka siku ya kufunga hesabu, iheshimiwe. Kipimo kinachofika baada ya kufunga kinalipwa awamu inayofuata, kwa bei ya siku yake, na kwenye karatasi ya mfugaji kiandikwe kwa mstari wake: "maziwa ya Machi 31, yaliyofika Aprili 17, lita 6.5 kwa 1,100". Mfugaji akiuona mstari huo hatagombana na mtu. Watu wengi wanavumilia kucheleweshewa, wanachokataa ni kutoelezwa.

Jambo moja la sheria, kwa sababu hifadhidata isiyofuta inaweza kukugonganisha nayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki juu ya taarifa zake. Usiweke jina na namba ya simu ndani ya jedwali la vipimo, ambalo halitafutwa milele. Humo weka namba ya uanachama peke yake. Majina na simu zikae kwenye jedwali jingine ambalo unaweza kulisafisha bila kubomoa historia ya maziwa.

Kazi ya usiku wa leo ni ndogo. Usibadilishe programu kwanza. Toa orodha ya vipimo vyote vyenye saa ya kupimwa kabla ya Aprili 1 na vilivyolipwa kwa 950, zidisha lita kwa 150, na upeleke jumla ya kila mfugaji kwa meneja kabla ya awamu ijayo. Kama saa ya kupimwa haikuhifadhiwa, na naogopa kwa baadhi ya vituo haikuhifadhiwa, panda Kibosho kesho asubuhi na uyapige picha madaftari ya makarani, ukurasa kwa ukurasa, kuanzia Machi 29. Mwambie kila karani asitupe daftari lake mpaka hesabu hii ifungwe. Kisha niandikie umekuta vipimo vingapi, tuanze kutengeneza lile jedwali la bei pamoja.